Kipa Kutoka Ostrander

Nafundisha baiolojia katika sekondari ya Ostrander, jimbo la Nebraska, Marekani, na ni kocha wa timu ya mpira ya wasichana. Lakini ukiuliza mjini kwetu, watakwambia kazi yangu hasa ni nyingine: natafutia wasichana vyuo vya kuchezea. Sikuiomba kazi hiyo. Alianza binti mmoja mwenye mguu wa kushoto wa ajabu na mama asiyejua aanzie wapi. Nikamsaidia kuandika barua, akapata chuo Kansas. Mwaka uliofuata wakaja wawili. Kufikia mwaka ninaousimulia nilikuwa nimeshapeleka kumi na mmoja, picha zao zimepangwa ukutani nje ya maabara yangu, na nilijiona hakuna nisichokijua katika shughuli hii.

Na shughuli yenyewe ina ujanja wake. Makocha wa vyuo hawafiki Ostrander. Wao huenda Omaha, Denver, Kansas City, kwenye mashindano ya klabu za watoto wenye nafasi, wakakaa kwenye viti vya kukunja na kutazama mechi moja baada ya nyingine tangu asubuhi. Wazazi wa wachezaji wangu wengi wako kiwanda cha nyama, na Jumamosi kwao ni siku ya kazi kama nyingine. Nani ampeleke mtoto Denver kila wiki? Kwa hiyo niliwafundisha wasichana kubisha hodi wenyewe: kwa barua, kwa video, kwa simu, mpaka mlango ufunguke.

Itzel Barragán alikuja maabara mwezi wa pili, akiwa mwaka wa tatu. Alikuwa kipa wangu. Nilimwonyesha kiti, hakukaa.

"Kocha Vondra, nataka kucheza chuo."

Jina langu ni Loretta Vondracek, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kulimaliza.

"Chuo gani?"

"Chochote chenye uuguzi."

"Hujasema chenye timu nzuri."

"Timu itakuwa nzuri nikifika."

Nilicheka, lakini nilimwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa kipa zamani, na kipa namjua akiwa bado anafunga kamba za viatu. Itzel alikuwa na mikono myepesi na macho yaliyouona mpira kabla haujapigwa. Alikuwa na sauti pia. Sauti ya binti yule ilikuwa inasikika mpaka maegesho ya magari, na mwalimu wa muziki alishawahi kuja kulalamika. Tatizo lake lilikuwa kimo. Futi tano na inchi tano, labda na nusu akivaa soksi mbili. Makocha wa vyuo wakitafuta kipa, kitu cha kwanza wanachosoma ni urefu, na wengi hawaendelei kusoma.

Msimu wetu uliisha mwezi wa tano, nikakaa na Itzel kutengeneza video. Baba yake, Rogelio, alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, bado ana alama ya kofia ya kiwandani kwenye paji la uso, akakaa kwenye kigoda cha mwanafunzi magoti yakimfika kifuani. Video ilikuwa ya dakika nne. Mipira aliyookoa ilikuwa mizuri, tena mingi. Kisha, katikati kabisa, nikaweka bao alilofungwa.

Lilikuwa bao la aibu. Beki wake alimrudishia mpira wa kawaida, dakika ya kumi na mbili, akataka kuupiga mbele, ukapita chini ya mguu wake ukaingia wavuni taratibu kama unaotembea. Lakini mimi sikuikata video hapo. Niliiacha iendelee sekunde arobaini zaidi. Unamwona Itzel anautoa mpira wavuni, anakimbia nao hadi katikati ya uwanja, anapiga kifua chake na kupaza sauti, "Langu hilo! Langu! Haya, juu, wote juu!" Kisha video inarukia dakika nne mbele ya mechi: anabaki yeye na mshambuliaji wao peke yao, naye anamvamia miguuni na kuuchukua mpira safi.

Rogelio alikuwa wa kwanza kusema. "Mwalimu, samahani. Wewe ukiuza gari, unaanza kumwonyesha mnunuzi mahali lilipobonyea?"

"Nikimuuzia fundi, ndiyo. Atapaona tu."

"Basi apaone mwenyewe! Kwani lazima umshike mkono?"

"Kocha, Baba anasema kweli," Itzel akasema. "Watu watanicheka."

"Kipa gani hajafungwa?" nikamuuliza. "Hawa makocha wanapokea video mia kwa wiki, na zote zina makipa wasiofungwa hata siku moja. Hawaziamini. Wanachotaka kujua ni unafanya nini ukishafungwa. Sasa wewe unajua unafanya nini?"

Akaitazama tena ile sehemu. "Napiga kelele."

"Basi wasikie kelele."

Rogelio alitikisa kichwa mpaka mlangoni, lakini bao lilibaki.

Barua aliandika mwenyewe. Hiyo ni sheria yangu, sijawahi kuivunja: mzazi haandiki, mimi siandiki, na hakuna barua mbili zinazofanana. Kila kocha aambiwe kitu kuhusu timu yake kinachoonyesha kwamba mwandishi amewatazama wakicheza. Itzel alipeleka barua sitini na mbili. Wiki mbili za kwanza hapakuja kitu. Alikuwa anapita maabara kila siku, anachungulia, ananitazama usoni, anaondoka bila kuuliza. Kisha majibu yakaanza, tisa kwa jumla. Manne yalikuwa ya mashine. Matatu yalisema, kwa maneno ya adabu, kwamba wangempenda angekuwa mrefu. Mawili yalikuwa ya watu.

La kwanza lilitoka kwa Kocha Merritt wa chuo kikuu kikubwa katika jimbo la jirani. Daraja la kwanza, uwanja wenye taa na majukwaa, mechi zao zinaonyeshwa kwenye televisheni. Alimwalika kwenye kambi ya majaribio mwezi wa sita. La pili lilitoka kwa mwanamke aitwaye Gwen Tolliver, kocha wa Amity Ridge, chuo kidogo cha daraja la pili huko Iowa. Yeye aliandika mistari mitatu tu: ameiona video, anahitaji kipa, apigiwe simu siku yoyote baada ya saa tisa.

Barua ya Tolliver niliisoma nikaiweka kando. Ya Merritt niliisoma mara nne.

Ila sikumruhusu Itzel afurahi haraka. Mialiko ya kambi hutumwa kwa maelfu ya watoto, na ada zao ndizo zinazowalipa makocha wasaidizi. Nikapiga simu na kuuliza maswali matatu. Kocha mkuu mwenyewe ameiona video? Anahitaji kipa wa mwaka wa Itzel? Atasimama yeye mwenyewe kumtazama? Msaidizi aliyepokea akaniambia ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Kisha akacheka, "Wewe ndiye uliyeacha lile bao? Tumeliangalia ofisini watu watano."

Tulikwenda kwa pikapu ya Rogelio, saa saba za barabara, mimi dirishani, Itzel katikati, kapu la tamale, ile mikate ya mahindi yenye nyama, miguuni pake. Kambini tulikuta makipa kumi na sita. Itzel alikuwa mfupi kuliko wote. Palikuwa na msichana kutoka Minnesota ambaye Itzel akisimama naye alikuwa anamfika kwapani.

Siku ya kwanza ilikuwa ya krosi, nayo ilikuwa mbaya. Mipira ilikuwa inapigwa kutoka pembeni, wasichana warefu wanaichuma hewani kama matunda, na Itzel anasukumwa, anachelewa, anagusa kwa ncha za vidole. Mara mbili alianguka chini mikono mitupu. Nilikaa kwenye nyasi, nikizing'oa moja moja.

"Mwalimu," Rogelio akasema, "mbona leo umekuwa bubu?"

"Naangalia."

"Mimi pia naangalia. Sipendi ninachokiona."

"Kesho kuna mechi," nikamwambia. "Subiri kesho."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika wenyewe sikuwa nao.

Asubuhi iliyofuata waligawa timu, wasichana wasiojuana hata majina. Kabla ya filimbi nilimwona Itzel anawazungukia mabeki wake wanne, anawauliza kitu, kisha anaandika kwa kalamu kwenye plasta aliyoizungushia kifundo cha mkono. Alikuwa anaandika majina. Mpira ulipoanza, sauti ile ikafunguka.

"Marlowe, kushoto! Tess, mwache huyo, njoo kati! Kati, Tess! Safi! Joanna, sogea, sogea, nipo nyuma yako!"

Baada ya dakika kumi wale mabeki walikuwa wanakwenda kama wamecheza naye tangu utotoni. Mipira haikumfikia, kwa sababu alishawapanga watu mahali ambapo ingepita. Ule mmoja uliofika, shuti la chini pembeni kabisa mwa mlingoti, aliuparua ukatoka nje, akainuka akimgombeza Marlowe hata kabla ya kona kupigwa. Kocha Merritt, mwanamume mrefu aliyevaa miwani ya jua na ambaye siku nzima iliyopita alikuwa kivulini, alitoka kivulini akaenda kusimama nyuma ya lango la Itzel. Akabaki pale mpaka mwisho.

Rogelio alinipiga kiwiko. "Fundi amekuja kuangalia gari."

Mchana Merritt alituita ofisini. Alizungumza vizuri, bila kuzungukazunguka. Alikuwa na nafasi kwenye kikosi, angelipa sehemu ya ada mwaka wa kwanza, na alitaka jibu ndani ya wiki mbili. Nilimshukuru, nikatoka kutafuta kahawa, kwa kweli kutafuta mahali pa kusimama peke yangu. Hakuna msichana wa Ostrander aliyewahi kucheza daraja la kwanza. Nilishaiona picha yake ukutani, katikati, kubwa kuliko zote.

Tulikuwa tumeshapita mpaka wa Nebraska, mahindi pande zote mbili, ndipo Itzel aliposema, "Pale wana makipa watatu."

"Kila timu kubwa ina watatu."

"Wawili wengine walihama mwaka jana. Nilimuuliza kwa nini."

Niligeuka. "Ulimuuliza Merritt? Lini?"

"Ulipoenda kutafuta kahawa. Alinijibu ukweli, Kocha, simlaumu. Alisema walichoka kukaa benchi. Nikamuuliza kuhusu uuguzi. Akasema mazoezi yao ni asubuhi na masomo ya wodini ni asubuhi, kwa hiyo hana mchezaji hata mmoja anayesomea uuguzi. Akasema ninaweza kusoma sayansi ya afya. Eti ni kitu kinachokaribiana."

"Ni kweli kinakaribiana."

"Mimi sitaki kinachokaribiana."

Hapo nilikosea, na nitalisema kama lilivyokuwa. Nilianza kumshawishi. Nilimwambia habari za uwanja, za televisheni, za makocha wa makipa wenye digrii zao. Nilimwambia benchi ni la mwaka mmoja, labda miwili. Mwishoni nikapandisha sauti. "Itzel, unajua ni wasichana wangapi wangelia kwa nafasi hii?"

"Wapewe," akasema.

Rogelio akaangua kicheko, akapiga usukani. Mimi sikucheka. Alipomaliza alifuta macho, akasema taratibu, "Mwalimu, usikasirike. Kuna kitu nataka kukuuliza. Huyu mtoto ulimfundisha kuuliza maswali, au hukumfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Ulimwambia asikilize majibu?"

Tulikwenda maili nyingi, redio ikisema bei ya soya. Nilikuwa nimeudhika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kupata kosa katika hoja yake. Kila msichana niliyempeleka chuo nilimuuliza anataka daraja gani, jimbo gani, timu ya aina gani. Itzel aliniambia siku ya kwanza, kabla hajakaa, anataka kuwa nani, na mimi nikalichukua kama mzaha mzuri. Tulipofika kituo cha mafuta cha Kearney nilikuwa nimeshachoka kuwa na hasira.

"Saa ngapi sasa?" nikauliza.

"Saa kumi kasoro," Itzel akasema.

"Yule Tolliver alisema apigiwe baada ya saa tisa. Shuka, mpigie."

Wiki iliyofuata tulikuwa Amity Ridge. Kocha wao tulimkuta uwanjani anasukuma mashine ya kuchora mistari, mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, chokaa nyeupe hadi magotini. Alimpa Itzel mkono, akamtazama juu mpaka chini.

"Video haikudanganya. Wewe ni mfupi kweli."

"Na wewe je?" Itzel akajibu.

Rogelio alifumba macho. Tolliver alicheka mpaka akashikilia mashine. "Mimi nilikuwa kipa miaka minne kwa kimo hiki. Haya, uliza. Naona una karatasi."

Itzel alikuwa na karatasi kweli. Aliuliza wana makipa wangapi. Wawili, akaambiwa, na mmoja anamaliza. Aliuliza nani anasomea uuguzi. Wanne, na mazoezi yalihamishiwa alasiri kwa ajili yao. Kila Jumatano mmoja huchelewa kutoka hospitali, anafika mazoezini na nguo za wodini mkononi, na hakuna anayemsema. Aliuliza kama anaweza kuzungumza na wachezaji bila kocha kuwepo. Tolliver akawaita wawili waliokuwa wanapaka rangi viti, akatuchukua mimi na Rogelio kwenda kunywa maji ya limau upande wa pili wa jengo, akakaa huko nusu saa nzima.

Aliporudi, Tolliver alikuwa na swali lake. "Kwa nini uliweka lile bao kwenye video?"

"Kocha wangu alinilazimisha."

"Ungekuwa wewe peke yako?"

Itzel alifikiri. "Wakati ule, nisingeliweka. Sasa ningeweka mawili."

"Vizuri. Nami nikuambie langu. Krosi zako ni mbaya. Sijui nani alikufundisha miguu ile." Mimi nikajikuta natazama mawingu. "Itatuchukua mwaka kuzirekebisha, na nitakupigia kelele mwaka mzima."

"Mimi pia napiga kelele."

"Nimesikia," Tolliver akasema. "Nilipunguza sauti ya kompyuta."

Walimpa udhamini uliofika karibu ada yote, nusu ya mpira na nusu ya alama za darasani. Lakini nilimtazama Itzel usoni kabla hawajasema lolote la ada, na alishaamua.

Sheria yangu nyingine ni hii: anayekubali anapiga simu, na anayekataa pia anapiga. Hakuna kujificha nyuma ya barua. Alimpigia Merritt akiwa maabara, shule tupu ya likizo, mimi nikijifanya naosha mirija ya majaribio. Alimshukuru. Alimwambia amechagua mahali pengine na sababu yake. Simu alikuwa ameiweka kwenye spika, nikamsikia Merritt anasema, "Sijawahi kukataliwa na kipa wa futi tano na inchi tano."

"Na nusu," Itzel akasema.

Merritt akacheka, akamtakia heri, na akaomba aongee nami. Akaniuliza kama nina mwingine kama huyo. Nikamwambia sina, lakini nina beki wa kushoto mwaka wa pili ambaye atataka kumwona, na kwamba nitamuuliza kwanza anataka kusomea nini. Tangu siku hiyo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayeingia. Wengine hawajui, nami nawaambia warudi wakishafikiri, barua zitasubiri.

Mwaka wa kwanza Amity Ridge Itzel hakuanza mechi saba mfululizo. Ya nane alianza, akafungwa matatu, akanipigia simu kunieleza kila moja lilivyoingia, kwa mpangilio, bila kulia. Mwaka wa pili jezi namba moja ilikuwa yake. Mwezi wa kumi mwaka huo mimi na Rogelio tulikwenda kumwona, baridi imeshaanza, tumejifunika blanketi moja la pikapu kama wazee. Walishinda mbili bila. Sauti yake ilikuwa vilevile; mzee mmoja wa Iowa nyuma yetu aliuliza yule binti anakula nini.

Baadaye tulikaa kwenye mkahawa wa mjini, yeye na wenzake wawili, nywele bado mbichi. Aliagiza pai ya nyama na viazi, akatusimulia habari za bibi mmoja wodini aliyekataa kumezeshwa dawa na mtu yeyote isipokuwa yeye, namna alivyombembeleza siku ya kwanza, alivyomtania siku ya pili, na kwamba asubuhi hiyo bibi alikuwa amekaa kitandani mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alisimulia huku anaonyesha kwa mikono, uma hewani. Rogelio alimsikiliza mdomo wazi, chakula kikimpoa mbele yake. Ilipita zaidi ya nusu saa kabla hajatokea mtu mezani aliyeutaja mpira.